Nusu Dakika Nyuma

“Basi wapigie wasije,” binti yangu Natalia alisema. “Waambie sijaruhusiwa kuondoka, kwa hiyo hakuna cha kushuhudia.”

Nilimwambia kuku wameshanyonyolewa, viti vya kukodi vimeshafika, na mzee Bartolomeo, baba mkwe wake mtarajiwa, si mtu wa kuambiwa asubuhi asije halafu Jumamosi aje kwenye sendofu akichekacheka. Akanijibu kwamba yeye haolewi na kuku. Nikamwambia achunge mdomo. Akasema mdomo ndio tatizo lenyewe, maana Bibi alitaka kuuona mdomo wake na sisi tukamwonyesha meno ya watu.

“Hawakumcheka yeye,” nilisema.

“Yeye atajuaje?”

Nikaanza kukunja nyaya. Nikikosa jibu huwa nakunja nyaya. Tulikuwa sebuleni kwangu Kawajense, hatujanywa hata chai, kamera imesimama kwenye miguu yake mitatu katikati ya viti vya watu.

Kwenye ukoo wetu binti haolewi bila kumuuliza bibi yake mzaa mama. Anakaa mbele yake, wakwe wakishuhudia, anamuuliza, “Bibi, niende?” Bibi anajibu, “Bado.” Anamuuliza tena. “Bado.” Mara ya tatu bibi anasema, “Nenda, na njia ya kurudi unaijua.” Basi, imeisha. Hakuna ngoma, hakuna zawadi. Wapimbwe wenzetu wengine hawana jambo hilo na hutushangaa. Lakini kwetu, bila maneno hayo, sendofu ni chakula tu.

Kwa Natalia lilikuwa zaidi ya mila. Huyu mtoto ni wa mama yangu kuliko alivyo wangu. Nilimwacha kwake akiwa bado anatambaa, nikaenda Mbeya kusomea diploma ya teknolojia ya habari, na sijuti, maana diploma hiyo ndiyo iliyomsomesha na yeye hadi akawa mwalimu Inyonga. Lakini nyimbo anazoimba akifua ni za Mama. Hata akisonga ugali, bega linapanda kama la Mama.

Mama, Fausta kwa jina, anaishi Mpimbwe, mbele ya Usevya. Mvua za mwaka huu ziling’oa daraja dogo kabla ya kijiji chake. Magari hayapiti, watu wanavuka kwa miguu juu ya magogo, na upande wa pili wanachukua bodaboda. Nyonga ya Mama haiwezi magogo. Vijana wa jumuiya walijitolea kumvusha kwa machela, akawaambia machela atapanda siku ambayo hataweza kukataa.

Nikasema, hilo niachieni mimi. Kurusha mubashara ndiyo kazi yangu. Misa, mazishi, mahafali: mtu yuko Dar es Salaam au Mwanza, nauli hana au ruhusa hana, anafungua kiungo nilichomtumia na anamwona marehemu wake akishushwa kaburini. Seva yangu iko stoo, pembeni ya magunia ya mahindi, juu ya meza ili panya wasiizoee, na feni na betri kwa ajili ya umeme unapokatika. Kamera inapeleka picha kwenye kompyuta yangu ndogo, kompyuta inapeleka kwenye seva, seva inaikata vipande vipande na kumgawia kila aliyefungua.

Ingekuwa bibi mwingine ningepiga simu tu. Lakini masikio ya Mama yamechoka. Sauti peke yake haimfikii. Anasikia kwa kutazama mdomo. Tulijaribu simu ya picha ya kawaida. Mtandao wa kule ni kama manyunyu, upo na haupo. Picha ya Natalia ikaganda mdomo wazi, na Mama akauliza mtoto anapiga miayo au analia.

Dawa ya hilo ni akiba. Seva yangu haimpi mtazamaji picha papo hapo. Simu yake inajaza kwanza, kama pipa chini ya bomba la mgao, halafu ndipo inachota. Bomba likikatika kidogo, yeye anaendelea kuchota na wala hajui. Kwa mtandao wa kule niliweka pipa la nusu dakika, na picha ikatiririka kama maziwa. Malale, mke wa jirani yake, Msukuma mwenye simu nzuri, alinipigia kuniambia Mama amesoma mdomo wa Natalia neno kwa neno. Nilijisifu siku nzima.

Ila mtu anayetazama mazishi hajibu chochote. Anaweza kuwa nusu dakika nyuma na asijue, na haimdhuru. Anayetakiwa kujibu ni habari nyingine. Hilo nilikuwa nalijua kama fundi. Nililiona dogo.

Jana tulifanya jaribio. Ndugu wachache walikuja, na mdogo wangu Respicius akawa msemaji. Sauti ya Mama ingerudi kwa simu yake ya kitochi, Malale ameishika, na mimi niliiunganisha na spika kubwa. Natalia akakaa mbele ya kamera, akauliza, “Bibi, niende?” Kimya. Respicius hawezi kimya. Ndiyo maana watu wanamtafuta awe mshereheshaji. Akamwambia Natalia arudie. Akarudia. Kimya tena. Akaona laini imekufa, akageukia jikoni na kuuliza, “Jamani, chai imeiva?”

Spika ikajibu kwa sauti ya Mama, nzito, ya heshima zake zote: “Bado.”

Watu walicheka hadi wakashika magoti. Mimi pia nilicheka. Natalia hakucheka. Na nusu dakika baadaye, kule Mpimbwe, Mama akamwona mjukuu wake amekaa peke yake katikati ya watu wanaocheka, yeye akiwa ametoka tu kulitamka lile neno. Alimwambia Malale azime, na kesho asimwashie tena.

Hapo ndipo ugomvi ulipotoka, na asubuhi hii bado tulikuwa ndani yake. Nilimwambia Natalia mambo haya yana dawa. Watu wote wakae kimya nusu dakika baada ya kila swali, na Respicius nimfunge mdomo kwa kitambaa. Akasema hilo alishampelekea Bibi kupitia kwa Malale, na Bibi kajibu kwamba hataki kungojewa, yeye si basi. Nikasema nitapunguza pipa.

“Ukipunguza picha itaganda,” alisema. “Mama, hizo nyaya nimezishika tangu sekondari. Mimi usinipe maneno ya wateja.”

Nikatoa la mwisho, ambalo kwa kweli ndilo lililokuwa rahisi kuliko yote na nilishangaa kwa nini halijanijia mapema. Malale amrekodi Mama akisema majibu yote matatu. Anitumie. Wakwe wakishakaa, Natalia anauliza, mimi naachia jibu kwa wakati wake, linaingia sawasawa, hakuna anayechelewa. Wakwe hawatajua. Kazi kama hiyo naifanya kwenye mahafali kila mara. Mgeni rasmi akichelewa naweka nyimbo.



“Yaani utamweka Bibi kwenye faili,” Natalia alisema, “halafu utambonyeza.”

Niliacha nyaya chini, nikaenda stoo. Nilisema nakwenda kuangalia joto la seva. Ilikuwa kweli nusu yake, kwa sababu tangu jaribio la jana nilikuwa sijaizima. Nilitaka nione kama itahimili kurusha bila kupumzika. Usiku kucha picha ya sebule yangu tupu ilikuwa inatoka tu, viti na pazia, haina wa kuiangalia.

Joto lilikuwa sawa. Kwenye kioo, pale panapoonyesha watazamaji, paliandikwa moja.

Nilidhani ni kompyuta yangu mwenyewe. Nikahakikisha. Haikuwa yangu. Kiungo kile nilikuwa sijakituma kwa mtu yeyote ila Malale, na aliyefungua alikuwa amefungua tangu alfajiri. Mtandao wake ulikuwa umemwangusha mara kadhaa, na kila mara alikuwa amerudi.

Nilirudi sebuleni, nikasimama mlangoni.

“Natalia,” nilisema. “Bibi yako anatuona.”

Aliniangalia mimi, halafu akaiangalia kamera. Kile kitaa chake chekundu kilikuwa kinawaka, kimewaka muda wote, na sisi mafundi wawili wa nyumba hii hatukukitazama. Tukasimama kama watoto waliokutwa na sukari kwenye midomo. Nilijaribu kukumbuka nimesema nini na nini, na nilikuwa nimegeukia wapi nilipokuwa nasema.

Natalia akavuta kiti, akakaa mbele ya kamera, akajifuta macho kwa kiganja. Akasema polepole, akiufungua mdomo vizuri kwa kila neno: “Shikamoo, Bibi.”

Tukangoja. Nusu dakika ukiiweka kwenye programu ni tarakimu tu. Ukikaa ndani yake, ni ndefu. Nilisikia jogoo wa jirani, nikasikia bodaboda ikipanda kuelekea Kashaulili, nikasikia na feni ya stoo. Natalia hakutikisika. Aliitazama ile lenzi kama vile ndani yake kuna mtu anakaribia kufungua mlango.

Simu yangu ikaita. Malale.

“Anasema marahaba,” Malale alisema. “Anasema na wewe, Mama Natalia, acha kumfokea mtoto. Na uvae kandambili, umesimama kwenye sakafu ya baridi.”

Niliangalia miguu yangu. Nilikuwa peku. Nina umri wa kuitwa bibi mwenyewe hivi karibuni, na nilikwenda kuvaa kandambili.

Niliporudi nilimuuliza Malale kwani si aliambiwa asimwashie. Akasema ndivyo alivyoambiwa, lakini alfajiri Bibi alikuja mwenyewe na mkongojo hadi mlangoni kwake, akasema hataki kuongea na mtu, anataka tu kuona kama mtoto ameamka salama. Malale akamfungulia. Sebule ilikuwa tupu, akamwambia arudi baadaye. Bibi akasema hapana, pazia lile analijua, alilinunua yeye. Akakaa. Kila picha ilipoondoka Malale aliacha kukamua ng’ombe, akaja kuirudisha.

Nikamwomba ampe Mama simu. Nilijua hatanisikia. Nilitaka aseme yeye.

“Sikukasirika,” Mama alisema, kwa ile sauti ya juu ya mtu asiyesikia sauti yake mwenyewe. “Jana niliumia kidogo, imepita. Nimekaa tu nawatazama. Natalia amekonda, mpe uji. Lakini Spesi mwanangu, sikiliza. Nikiwajibu, nyie mmeshaondoka pale nilipowaona. Sasa nitakuwa namjibu nani?”

Simu ilikuwa kwenye spika. Natalia aliyasikia yote. Hakulia tena. Aliinamisha kichwa, akaongea kwa sauti ya chini, nikajua hayo hayakuwa ya kamera, yalikuwa yangu.

“Kwa nini achelewe yeye?” alisema. “Sisi wote hapa tuna macho, tuna masikio, tuna miguu. Mzee Bartolomeo ana miguu, anatembea nayo hadi mnadani. Kwa nini katika watu wote, anayechelewa awe Bibi?”

Mimi ukinilaumu nakuwa jiwe. Ukiniuliza swali linalouliza kitu hasa, naanza kazi. Kwa nini achelewe yeye? Kwa sababu kamera iko hapa. Kwa nini kamera iko hapa? Kwa sababu wakwe wanakuja hapa. Na wakwe wanakuja kufanya nini? Kuona na kusikia. Wao hawatakiwi kujibu neno hata moja.

Seva haijali kamera iko wapi. Inapokea kutoka popote palipo na laini. Picha itakayotoka kule kuja huku itakuwa mbaya, hilo nililijua palepale. Nitaipunguza hadi ibaki kama picha ya kitambulisho. Lakini wakwe hawasomi midomo. Sauti inawatosha, na sauti ni nyepesi, inapita hata kwenye manyunyu. Jina langu la picha isiyokatika litakwenda na maji, na liende. Nilikuwa nimeitafuta picha nzuri kwa ajili ya mtu mmoja, na mtu huyo picha hakuihitaji.

“Kavae suruali,” nilimwambia Natalia. “Chukua mabuti ya mvua ya mjomba wako. Ya kwako hayafai kwenye magogo.”

Hakuuliza tunakwenda wapi. Alisimama hivi, kiti kikaanguka nyuma yake.

Shughuli ilikuwa saa kumi jioni. Hata barabara ikiwa na utelezi tungefika na kubakiwa na muda wa Natalia kuoga na kutoa matope. Nilimpigia mzee Bartolomeo mwenyewe, sikumtuma mtu. Nilimweleza kwamba waje kama walivyopanga, watapokewa na Respicius, lakini binti hatakuwepo. Atakuwa kwa bibi yake, uso kwa uso, na wao watamwona kwenye televisheni. Akauliza kama hiyo ni halali kwenye mila yetu. Nikamwambia mila yetu inasema binti akae mbele ya bibi, haisemi wakwe wakae wapi.

“Na chakula?” aliuliza.

Nikamwambia kipo, palepale kilipopangwa.

“Basi tutatazama,” alisema. “Mwanangu Shadrack atanuna kidogo, lakini atanuna akiwa ameshiba.”

Respicius aliingia akiwa na kikombe mkononi, nikampa kazi yake kabla hajafungua mdomo. Televisheni iwashwe saa tisa. Asiguse kitu chochote stoo, hata kama kinalia, hata kama kinamulika. Yeye ni rimoti tu. Na mtu yeyote asimkatize Mama kwa maneno wala kwa vicheko, ingawa nilimwambia safari hii hata wakicheka Mama hatawaona. Nilimwambia naondoka na gari lake, akauliza nitamrudishia lini. Nikamwambia litakaa darajani mpaka kesho na nikachukua funguo kwenye kidole chake.

Halafu nilikwenda stoo, nikakaa mbele ya kioo. Nilifungua pale nilipokuwa nimeandika nusu dakika. Nilipafuta, nikaweka dakika nzima, kwa watazamaji wapya wote kuanzia sasa. Kwa laini mbovu ya kutoka kule, pipa kubwa ndilo litakalowasaidia. Wakwe zangu, na Respicius, na wajomba wa Mwanza, wote watakuwa dakika nzima nyuma ya Mama. Akisema “Bado,” wao watakuwa bado wanamwangalia Natalia anavyokaa. Akisema “Nenda,” sisi tutakuwa tumeshakumbatiana na kuanza kutafuta chai. Nikahifadhi.

Natalia alirudi na suruali na mabuti yanayompwaya. Alisimama mbele ya kamera kwa mara ya mwisho ili Bibi amwone alivyovaa, akajigeuza mbele na nyuma kama mtoto mwenye sare mpya. Nilichomoa kamera, nikaikunjia kwenye kitenge, nikaiweka kwenye begi pamoja na kompyuta ndogo na modemu ya laini mbili. Natalia akabeba ile miguu mitatu begani kama jembe. Tulitoka karibu kwa kukimbia.

Kule Mpimbwe bado tulikuwa sebuleni. Kwa nusu dakika nyingine Mama angeendelea kumwona mjukuu wake akijigeuza mbele na nyuma, na mimi nimesimama pembeni nimevaa kandambili zangu, na sisi tumeshaingia kwenye gari, begi liko mapajani kwa Natalia, nami narudi nyuma getini bila kumgonga mbuzi wa jirani.

Tulipokuwa tunakata kona ya kuingia barabara kubwa, simu iliita. Natalia akaipokea, akaiweka sauti ya juu.

“Mama Natalia,” Malale alisema, “picha imekatika. Bibi anauliza mmekwenda wapi.”

“Mwambie haijakatika,” nilisema, nikaongeza gia. “Mwambie aweke maji ya kuoga jikoni. Tunakuja.”